Niko Chuo

Kila wiki inboksi yangu inaletewa swali moja: "Wewe zile stori za maneno yenye maana mbili unaziandikaje?" Kuna wanaouliza kwa adabu, kuna wanaotaka niwape fomula haraka kabla hawajapanda jukwaani Ijumaa, kama vile nimeificha chini ya kitanda. Leo nawajibu. Lakini siwezi kujibu vizuri bila kuwaambia habari ya utani mmoja, ule mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, ambao siusemi tena. Kama ulinifuata kwa sababu ya ile klipu, unaujua. Kama huujui, tulia, tutafika.

Tuanze na kwetu. Natoka Majoreni, kaunti ya Kwale, kule chini upande wa Vanga, ukizidi kidogo uko Tanzania. Nikilitaja jina hilo kwa watu wa bara nusu ya kazi imeisha, manake wao wanasikia "Major" halafu "eni", wanadhani ni kambi ya jeshi. Mimi huwaambia eeh, ni kambi, na sote tuna vyeo, mishahara ndio haijafika. Mswahili naye anasikia jora ndani yake, majora ya vitambaa, anadhani tunalala juu ya hariri. Neno moja tu, sijaanza hata kuchekesha, na tayari watu wawili wanaona vitu viwili. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kinachobaki ni jasho.

Mamangu ni mama karanga. Mtu wa Kwale hapo hashtuki, anajua ni wale kina mama wanaonunua samaki wadogo bandarini vyombo vikiingia, wanawakaanga, halafu wanawapanga mezani kando ya njia au wanawatembeza. Mtu wa bara akisikia mama karanga anatafuta njugu. Mara ya kwanza kabisa kuchekesha watu nisiowajua ilikuwa kwa sababu hiyo. Mwaka wa kwanza chuo kikuu, tuko hosteli, kila mtu anasema wazazi wake wanafanya nini. Nikasema, "Mamangu ni mama karanga, na hajawahi kuuza karanga hata moja." Jamaa mmoja akauliza, kwa huruma kabisa, "Sasa biashara inaendaje?" Nikamwambia, "Poa tu, anauza samaki. Ukitaka karanga muulize mama samaki."

Chumba kikaanguka. Sikuwa nimepanga kitu, nilikuwa nasema ukweli. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nalirudia lile neno kichwani, nalisukuma huku na kule kama mtoto aliyepata jino linalotikisika.

Sasa msinielewe vibaya, sikuvumbua chochote. Sisi tulikua ndani ya haya mambo. Tukiwa wadogo tulikuwa tunazungumza kinyume, silabi ya mwisho unaitoa unaiweka mbele, pesa inakuwa sape, rafiki anakuwa kirafi, na tulikuwa na kasi ambayo mtu mzima hawezi kuifuata. Wakubwa nao hawasemi jambo kavu. Mgeni akikaa sana huambiwi "mwambie aondoke", unasikia tu mtu anauliza eti kwao mvua imenyesha. Mwanamke akikasirika na jirani hagombani, anatoka na leso mpya, na jina la leso linafanya kazi yote. Halafu una majirani Wadigo, na Kidigo kina neno moja ambalo naamini Mungu alilileta kwa ajili ya wachekeshaji: pombe ya mnazi inaitwa uchi. Yaani mimi nina jirani, mzee wa miaka sabini, ambaye amesomesha watoto wanne kwa kuuza uchi. Na wateja wanapanga foleni asubuhi na jioni.

Ukiisema hiyo Ukunda, wanacheka kabla hujamaliza. Ukiisema Nairobi unapata kimya cha sekunde mbili, halafu unafafanua, na utani unaofafanuliwa ni kama soda iliyoachwa wazi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza la maana: msikilizaji lazima awe na funguo za nyumba zote mbili. Akiwa na ya moja tu, wewe unabisha hodi, yeye anakuangalia.

Vile mnavyojua, wachekeshaji wakubwa wa Kenya wengi walijenga jina kwa sauti na lafudhi. Redykyulass walimwiga Rais Moi enzi ambazo jambo hilo halikuwa la kawaida. Churchill Show ya Daniel Ndambuki imetoa watu wengi ambao silaha yao ilikuwa kuigiza watu wa kwao wanavyosema. Nawaheshimu wote, nimekua nikiwatazama kwa jirani mwenye runinga. Lakini mimi sauti sina. Nikimwiga mtu mnadhani nimekabwa na mwiba. Kwa hivyo nilibakiwa na maneno.

Nilianza vibaya. Nilikuwa natazama wachekeshaji wa Marekani kwenye YouTube, nachukua mchezo wa maneno wa Kiingereza, natafsiri, napanda nao. Unakufa palepale. Kuna siku mhadhiri wetu (moja ya vipindi vichache nilivyohudhuria kwa moyo) akatuambia kuhusu Mwalimu Nyerere alivyotafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, toleo la kwanza likatoka 1963. Onyesho la kwanza kabisa la mchezo ule lina fundi viatu anayechezea neno la Kiingereza la roho na lile la soli ya kiatu, kwa sababu kwa Kiingereza yanatamkwa sawa. Kwa Kiswahili roho na soli hayakutani hata kwa bahati mbaya. Nikaelewa. Utani wa maneno ukifika Lunga Lunga pale mpakani hauna paspoti, lazima uzaliwe upya upande wa pili.

Basi nikarudi kwenye vitawe. Mnakumbuka vitate na vitawe shule ya msingi? Mwalimu anaandika ubaoni kaa, paa, panda, chungu, anakuambia tunga sentensi kutofautisha maana. Tulidhani ni adhabu, kumbe ni ghala. Nikanunua daftari, kila neno nikaliandikia nyumba zake. Mto wa maji, mto wa kulalia. Meza ya kulia, meza dawa. Mwiko wa kupakulia, mwiko wa kukatazwa. Leo daftari lina maneno karibu mia mbili, na karibu yote hayajawahi kunichekesha mtu hata mmoja.

Kwa nini? Kwa sababu ya ngeli. (Watu wa Nairobi, simaanishi Kizungu, namaanisha ngeli zile za darasani.) Ngeli ndiyo askari wa Kiswahili. Wewe unataka neno libaki na nyumba mbili mpaka mwisho, yeye anakuja na kiambishi chake anamwambia kila mtu umeingia nyumba ipi.

Nilijua hili kwa aibu. Utani wenyewe ulikuwa wa bibi yangu. "Bibi yangu ana miaka themanini, na kila jioni anakalia mbuzi." Mnaona uzuri wake? Mbuzi wa maziwa na mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa ukumbi mdogo Ukunda, watu arubaini hivi, nikaendelea, "Na mbuzi yenyewe ina meno." Mzee mmoja kwenye kiti cha mbele, kofia kichwani, akasema polepole, "Yenyewe au mwenyewe?" Ukumbi ukamcheka yeye, si mimi. Yaani yeye ndiye aliyekuwa mchekeshaji usiku ule. Niliposema "yenyewe ina" nilikuwa nimeshawaambia ni kifaa, mnyama ametoroka. Na ningesema "mwenyewe ana", nazi ingetoroka. Njia zote mbili nimekwama.

Na hapa pana jambo la ajabu ambalo sijasikia mtu akilisema. Nairobi ule utani ungepita, kwa sababu kule watu wanasema mbuzi imekufa, nyanya imekuja, mtoto imelala, kila kitu ni I-ZI. Askari hayuko kazini. Lakini kule kule wengi hawajui mbuzi ya nazi, kwa hivyo ufunguo mmoja hawana. Pwani ufunguo wanao na askari naye yuko macho. Ukitaka kuchekesha pande zote mbili inabidi uandike sentensi ambayo ngeli haina pa kusimama.

Pako wapi hapo? Nimetafuta, na pahali pazuri kuliko pote ni amri. Kitenzi kikiwa amri hakina kiambishi, kinasimama uchi (sio ule wa mnazi). Mfano ni huu, na ni wa kweli nusu. Babangu alikuwa mvuvi. Siku ya kwanza kunichukua baharini, tumefika kwenye maji mengi, akanigeukia akaniambia, "Vua." Nikavua. Akaniangalia, akaangalia upande, akasema, "Mwanangu, nilimaanisha samaki."

Tazameni hakuna kitu pale. Vua. Herufi tatu, hakuna ngeli, hakuna kitendwa. Angesema "wavue" imekwisha, angesema "ivue" imekwisha. Nikakaa na kile kiutani wiki tatu nikibadilisha kila neno isipokuwa hilo. Mwanzoni "samaki" ilikuwa katikati ya sentensi na watu wanacheka nusunusu, nikaisogeza ikawa neno la mwisho kabisa, wakacheka mara mbili zaidi. Ni kama kitendawili tu, unatega, unanyamaza, mtu anajitega mwenyewe. Ukiendelea kuongea baada ya neno la mwisho unamsaidia kutoka mtegoni.

Kuna maadui wengine. Mkazo, kwa mfano. Barabara ya magari unaibonyeza kwenye silabi ya tatu, na ile ya "sawa barabara" unaibonyeza kwenye ya pili. Kwenye meme inapita, jukwaani mdomo unakusaliti. Na pumzi! Hii bibi ndiye aliyenifundisha. Nilimwambia, "Bibi, nimeona paa juu ya nyumba," nikitegemea atacheka au atashangaa swala amepandaje. Akanijibu, "Ulivyolitamka, hilo ni la makuti. Yule wa porini ana pumzi." Sikuelewa. Akachukua kiganja changu akakiweka mbele ya mdomo wake, akatamka moja, halafu la pili. La kwanza hakuna kitu. La pili upepo mdogo ukanigonga mkononi. Mnyama ana pumzi, la nyumba halina, na mimi miaka ishirini naongea Kiswahili sijawahi kulisikia. Sijui vijana wangapi wa rika langu bado wanalisikia. Kwa kichekesho ni bahati, manake maneno yaliyokuwa mbali yanakaribiana. Lakini nilipotoka pale nilihisi kama nimepewa pesa ya zamani iliyoisha kutumika.

Muyaka bin Haji wa Mombasa angenicheka. Yule aliyefariki miaka ya 1840 hivi, aliyekuwa upande wa Wamazrui wakati Seyyid Said wa Zanzibar anaitaka Mombasa, akawa anatunga mashairi ambayo ukiyasikia juu juu ni mambo ya kawaida na ukizama ni vita. Mashairi yake hayakupotea kwa sababu Mwalimu Sikujua na wengine waliyakumbuka na Taylor, mmisionari, akayaandika. Kitabu kikaja kutoka 1940, karne nzima baadaye. Miaka na miaka watu wanakubeba kichwani! Klipu yangu ya jana imeshasahauliwa leo mchana. Ninamtaja kwa sababu nyingine lakini. Nilipokuwa nasoma habari zake nilichukua somo ambalo halikuwemo: kwamba fumbo si uongo. Ukisema neno lenye maana mbili na moja ni ya kweli, hujadanganya. Nikalipenda sana somo hilo. Nikaanza kulitumia nyumbani.

Haya, sasa utani wenyewe.

Mwaka wa pili niliacha chuo kikuu. Sikufukuzwa, na hakuna mtu wa kumlaumu. Nilikuwa nalala mchana, usiku nazunguka kila mahali panapompa mtu asiyejulikana dakika tano na maikrofoni, na siku moja nikagundua mtihani umepita. Nikarudi Pwani bila kufika nyumbani. Nikapanga chumba Ukunda, cha bei ya chini kwa sababu kiko ukuta kwa ukuta na madrasa. Alfajiri watoto wanasoma, alasiri watoto wanasoma.

Na kama wewe ni wa Pwani umeshaona ninakokwenda. Kwetu madrasa inaitwa chuo. Mtoto wa miaka mitano yuko chuo. Mwalimu wake ni mwalimu wa chuo.

Mama alikuwa ananipigia kila siku alasiri, akimaliza meza yake. Swali ni moja, "Uko chuo?" Na mimi, chumba changu nyuma ya madrasa, mgongo umeegemea ukuta wa madrasa, najibu, "Niko chuo, mama." Uongo uko wapi? Siku moja akasema, "Mbona nasikia watoto?" Nikamwambia wanasoma hapa jirani. Kweli tupu. Nilikuwa najisikia Muyaka kabisa, wallahi, nakata simu natabasamu.

Baba alifariki miaka mitano iliyopita, kwa hivyo karo yote ilikuwa inatoka kwenye karai moja la mafuta. Muhula ulipoanza mama akanitumia shilingi 20,000. Nilikuwa nimeshaacha. Niliziangalia kwenye simu siku mbili. Siku ya tatu nikazinunulia simu yenye kamera nzuri, taa ya duara, na maikrofoni ya kubana shatini. Vitu hivyo ndivyo mnavyonionea navyo mpaka leo.

Nikaandika utani. Niliujaribu kwa mara ya kwanza Jumapili moja usiku kwenye hoteli Diani, na ulikuwa hivi: "Mamangu ana watoto wawili, na sote tuko chuo. Mdogo wangu yuko chuo, mimi niko chuo. Mdogo wangu ana miaka saba." Wanacheka, wa Pwani wanawafafanulia wa bara, kicheko cha pili kinakuja chenyewe. Nawasubiri watulie. "Tofauti yetu ni ndogo. Yeye akitoroka, mwalimu anakuja na bakora mpaka nyumbani. Mimi nimetoroka mwaka mzima, hakuna hata aliyeuliza."

Kulikuwa na sekunde ya kimya, halafu kicheko cha aina ambayo sijakipata tena. Hata ufundi wake nilikuwa najivunia: chuo ni KI-VI maana zote mbili, ngeli ile ile, askari hana la kusema. Rafiki yangu alikuwa anarekodi. Tukaiweka usiku uleule. Siku ya tatu watazamaji laki mbili na zaidi, watu wananitag kutoka Dar, kutoka Muscat.

Siku ya nne mama hakupiga simu.

Siku ya tano hakupiga. Nikajiambia labda bando, labda samaki ni wengi. Siku ya nane binamu yangu akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Mama ameona." Ilikuwa imeingia kwenye grupu la WhatsApp la chama chao, na aliyeiweka hakuwa na nia mbaya, aliandika "mtoto wetu anatuwakilisha". Kina mama wote wa bandarini waliiona kabla yake. Yeye simu yake ni ya kubonyeza, alionyeshwa kwenye simu ya mtu.

Nilipanda matatu ya Lunga Lunga, nikashuka njia panda, boda mpaka Majoreni. Njia nzima naandika maneno ya kusema. Ni kazi yangu, si ndiyo? Nilikuwa na mwanzo mzuri sana.

Nilimkuta bandarini, moshi usoni, karai linachemka, wateja watatu wamesimama. Hakuniangalia. Mteja mmoja, mama mtu mzima, akaelekeza kidole kwenye sahani, akauliza, "Huyu samaki gani?"

Mama akasema, "Huyo ni changu." Akageuza samaki mwingine kwenye mafuta. Halafu bila kuinua kichwa akanielekezea mwiko mimi. "Na hicho kilichosimama hapo, ni changu vilevile."

Wale wateja walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mimi nilisimama. Nyinyi mliopita shule mtaona alichofanya: amenitoa A-WA, ngeli ya watu, akaniweka KI-VI pamoja na viti na vijiko. Hicho kilichosimama. Na katika pumzi hiyohiyo, mbele ya watu waliojua kila kitu, akasema ni chake. Mimi nimekaa wiki tatu juu ya neno moja, yeye ameandika hiyo mwiko mkononi, kwa muda wa kugeuza samaki.

Hatukuzungumza mpaka usiku. Maneno yangu niliyoandika kwenye matatu sikuyatumia. Aliuliza kitu kimoja, pesa zilienda wapi, nikamwonyesha simu. Akaishika, akaigeuza, akaiweka chini kwenye mkeka taratibu kama yai. Akasema samaki mmoja wa kukaanga anampa faida shilingi tano. Akafanya hesabu kwa sauti. "Samaki elfu nne," akasema. "Nimewapaa kwa mkono huu, mmoja mmoja, ili wewe upae."

Sijui kama alikusudia. Mwanamke anayepaa samaki kila siku hawezi kulisema jambo hilo kwa neno jingine, ndilo neno lenyewe. Sikumuuliza, na hiyo sijawahi kuipeleka jukwaani. Hapa ni mara ya kwanza kuisema.

Nikaomba msamaha. Akasema samahani atazipokea baadaye, kwanza anataka elfu ishirini zake. Basi kila Ijumaa namtumia 500 kwa M-Pesa. Hata wiki ambayo sijalipwa popote, nakopa natuma. Ni wiki arubaini, nimefika ya kumi na tisa.

Watu wananiuliza kwa nini nimeuacha ule utani wa chuo wakati bado unaombwa, wanadhani mama amenikataza. Hajanikataza. Nimeuacha kwa sababu ya mstari wa mwisho. Nilikuwa nasimama pale nawaambia watu nimetoroka mwaka mzima hakuna hata aliyeuliza, na kuna mtu aliyekuwa akiuliza kila siku alasiri, mikono inanuka samaki, kwa salio la kukopa. Nilikuwa namjibu kwa fumbo. Sasa nikifika kwenye mstari ule ulimi unakuwa mzito, na watazamaji si wajinga, wanahisi.

Kwa hivyo mkitaka fomula, chukueni niliyowapa: daftari, amri, neno la mwisho, muangalieni askari wa ngeli. Lingine sina.

Simu zimerudi, ila swali limebadilika, siku hizi ananiuliza, "Uko wapi?" na mimi namjibu jina la mtaa. Wiki iliyopita alipiga asubuhi, si kawaida yake. Binamu alikuwa amemwambia kwamba ile ya changu naisema jukwaani, Kilifi mpaka Diani, na ndiyo inayochekesha kuliko zote nilizonazo. Nikajitayarisha kugombezwa.

"Wanacheka?" akauliza.

"Sana, mama."

Akanyamaza kidogo, nikasikia mafuta yanachemka.

"Hicho kichekesho ni changu," akasema. "Nitumie changu."